Sukari ya Kwa Marhoun

Katika nyumba ya marehemu Marhoun, mtaa wa Madungu, Chake Chake, presha ilikuwa ugonjwa wa heshima na sukari ilikuwa aibu. Mwenye presha alionewa huruma: masikini, ana mawazo, na nani Pemba hii hana mawazo? Lakini sukari, walisema, haiji peke yake. Ikishasikika nyumba moja, watu huanza kufukua makaburi: babu alikufa na nini, shangazi alipofuka kwa nini, na ule mguu wa Marhoun ulikatwa kwa sababu gani. Kwa jibu la nyumbani, mguu wa Marhoun ulikatwa kwa ajili ya msumari. Aliukanyaga shambani msimu wa karafuu, jeraha likaoza, wakamkata Unguja, na mwaka uliofuata akafa. Msumari wenyewe hakuna aliyewahi kuuona.

Marhoun aliacha mjane, Bi Nihal, na mabinti wawili. Wa kwanza ni Zuweina. Wa pili, Alya, alizaliwa nyuma sana, watu walipokwisha kukata tamaa, kwa hiyo alilelewa na mama wawili. Zuweina ndiye aliyemsuka, aliyemsomesha juzuu, aliyempeleka skuli kamshika mkono. Hata alipoolewa na Maher, mtoto wa ami yake, Zuweina hakuhamia mbali. Alipata nyumba ya pili kutoka ile ya mama. Maher alikuwa na kazi ya ghala huko Wete na akirudi kila Alkhamisi na pakiti ya halua, kwani waume wengine husema nakupenda kwa mdomo na wengine kwa halua. Zuweina mwenyewe alishona kofia za viua, zile za tundu tundu, kazi inayotaka macho makali na makalio yasiyochoka. Asubuhi mpaka magharibi alikuwa kaketi, kofia magotini, kikombe cha chai pembeni. Mwili ukaitika. Majirani wakasema amependeza, na Maher akapata sifa ya kulisha.

Mimba yake ya pili ndiyo iliyoleta neno. Kliniki alikutana na nesi Zulekha, binti wa Makangale asiyejua kuzungusha maneno. Akamchoma kidole, akatazama kipimo, akamwita tena asubuhi nyingine na njaa yake, akamchoma mara ya pili.

"Una sukari ya mimba," akasema. "Kwenu yuko mwenye sukari?"

Zuweina alifungua mdomo, lakini Bi Nihal aliyekaa pembeni alimtangulia. "Hakuna. Presha tu."

Safari iliyofuata Zuweina alikwenda peke yake, akataja ukweli wote: baba, shangazi, na babu mzaa baba. Zulekha akamsogezea kiti.

"Sikiliza, dada. Damu ya kwenu hukuichagua, na mie siwezi kukubadilishia. Ukishazaa, sukari hino huenda ikaondoka. Lakini mtu akishaipata mimbani, tena ana ukoo wake, huwa iko karibu naye maisha yote. Ije au isije, hapo mkono wako nao umo. Wali kidogo, sukari basi, mwili upungue, utembee kila siku, mtoto umnyonyeshe sana. Arobaini ikitoka, njoo nikupime. Na ukiwa mzima, usinishukuru ukapotea. Rudi kila mwaka."

Zuweina alitoka pale anaogopa, lakini ana la kufanya, na mwenye la kufanya huogopa kidogo. Mpaka siku zake za kuzaa alikula kama alivyoambiwa, akisingizia kiungulia. Mtoto akaja mwanamme, mkubwa ajabu. Wanawake wakapiga vigelegele, dume hilo. Zuweina peke yake alijua ule ukubwa umetoka wapi, naye akatabasamu na wenzake.

Arobaini aliikaa chumba cha ndani nyumbani kwa mama, kama ada ilivyo, tumbo limefungwa, miguu imefunikwa, hatoki hata uani bila ya mtu wa kumtazama. Chumba kilinukia udi na pilipili manga. Siku ya kwanza Bi Nihal aliingia na bakuli la uji wa mzazi: unga, pilipili manga, samli, na sukari ya kutosha kumwamsha maiti.

"Mama, nesi kasema nisile sukari."

Bi Nihal aliweka bakuli chini, akaufunga mlango kwanza.

"Alya kaposwa," akasema kwa sauti ndogo. "Jabir, mwalimu wa Ole, mtoto wa Bi Mwanamize. Watu wazuri. Lakini bado waulizauliza. Wakisikia nyumba hino mna sukari, wataondoka na posa yao, na akishaachwa na hawa, mwengine nani ataingia? Weye ushapata mume. Mwache mwenzio naye apate."

"Lakini nesi..."

"Nesi ana binti wa kuoza?"

Zuweina akalitazama bakuli.

"Neno hili lisivuke mlango," Bi Nihal aliendelea. "Alya asijue, atalia, nao watamuona macho. Maher naye asijue. Siri ya mwanamme mwisho wake barazani. Posa ikishajibiwa utakula upendavyo, hata majani."

Bi Nihal hakuwa mwanamke mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Angekuwa mbaya, Zuweina angegombana naye akamaliza. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja wa kuoza, aliyemuuguza mume kwa sukari na kumlilia kwa msumari, na sitara ndiyo mali pekee aliyoachiwa. Zuweina akanywa nusu ya uji. Nusu ya pili akaimwaga katika beseni la nepi mama alipogeuka, na siku kadhaa akapona kwa ujanja huo.

Kisha akaja Bi Mwanamize. Alikuja kumtazama mzazi, na wala hakuna anayeweza kumzuia mtu kumtazama mzazi. Alikuja na wenziwe wawili, kuku mmoja na kanga za mtoto, akakaa mkekani karibu kabisa na kitanda. Mwanamke mrefu wa shamba, mkavu, mikono ya kulima muhogo, macho hayatulii. Akamsifu mtoto, akamtilia dua, halafu akamgeukia Bi Nihal.

"Nasikia mzazi wetu hali vizuri. Ana miiko?"

Zuweina akajiuliza: Nani kasema? Chake Chake kuta zina midomo, si masikio tu.

"Hali?" Bi Nihal akacheka. "Zuweina, mwanangu, hebu nywa uji wako usipoe."

Bakuli lilikuwa limejaa, na hapakuwa na mahali pa kugeuka wala beseni la kuliendea. Nyuma ya pazia Zuweina aliona vidole vya miguu vya Alya, vimetiwa hina, vimesimama kimya kusikiliza. Akainua macho akakutana na ya mama yake, na ya mama yake yalikuwa yanaomba. Akanywa. Alikunywa kwa hasira, kwa aibu, kwa mapenzi, hata mwenyewe hakujua kwa lipi zaidi, na kila funda lilikuwa tamu, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Akalikomba bakuli kwa kidole. Halua ilipopitishwa akachukua mara mbili.

"Mashaallah," akasema Bi Mwanamize, akashusha pumzi. "Mzazi ni kula."

Wiki hiyo hiyo posa ikajibiwa. Alya aliingia mbio chumbani kwa dada yake, akamkumbatia na mtoto katikati, akalia kwa furaha. Zuweina naye alilia, na Alya akadhani wanalilia kitu kimoja.

Arobaini ikatoka katika juma la kupeleka mahari. Zuweina alitaka kwenda kupimwa. Mama akamkumbusha benchi la kliniki ya sukari, lililowekwa barazani likatazama njia ya sokoni. Ukikaa pale adhuhuri, laasiri Ole wanajua. Subiri harusi ipite. Harusi ikapita, na Zuweina akala biriani, akala vileja, akala kila sinia aliloandikiwa, maana dada wa bibi harusi asipokula watu huuliza kunani. Basi subiri mwenzio azowee nyumba ya watu. Akazowea. Basi subiri azae. Mke asiyezaa hana kiti, atang'olewa kwa neno dogo. Kila alipofika mlangoni, mlango ulikuwa umesogezwa mbele.

Alijaribu ya peke yake. Siku moja baada ya laasiri alivaa buibui akashika njia, anatembea kama alivyoambiwa. Hakufika mbali.

"Wenda wapi, Bi Zuweina?"

"Siendi mahali. Natembea tu."

"Watembea? Kuna nini nyumbani?"

Mwanamke wa Madungu hatembei, anakwenda mahali. Kabla ya Ijumaa mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba Maher anataka kuongeza mke na Zuweina kachanganyikiwa. Ikabidi atafute pa kwenda. Leo kwa Bi Mwanawema, kesho kwa mwengine. Kila alikobisha hodi alikaribishwa chai iliyotiwa sukari huko huko jikoni, na sahani ya kaimati inachuruzika shira. Kukataa chai ya mtu ni kumtukana. Alitoka kupunguza sukari akarudi nayo, na ile safari yenyewe akaiacha. Alkhamisi Maher alileta halua, akamkatia kipande kwa mkono wake, akamtazama akila kama mtu anayetazama mvua ikinyeshea shamba lake. Ungemwambia nini mtu kama huyo? Zuweina alitamani kumwambia. Mara mbili alianza, mara mbili akamuona mama yake katika mawazo, akamalizia kwa habari za bei ya uzi.

Mwaka wa pili kiu ikaanza. Kwanza alilaumu joto. Kisha jicho likawa zito, tundu za kofia zikaanza kukimbizana, akaharibu oda ya mtu. Chooni sisimizi wakajipanga pale alipokojoa. Zuweina alijua, mtoto wa Marhoun hawezi kutojua. Alikuwa akimwagia baba yake maji sakafuni vile vile, utotoni, bila ya kuambiwa kwa nini. Sasa akajimwagia mwenyewe, ndoo mbili mbili, ili Maher asiwaone. Usiku alilala na woga wake, asubuhi akanywa nao chai.

Alya akashika mimba. Habari ilipofika Madungu, Bi Nihal alisujudu. Zuweina alisema alhamdulillah, na neno lile lilipotoka mdomoni, ndipo alipong'amua. Kwa muda wote ule alikuwa akimhesabu mdogo wake kama mtu wa kusitiriwa. Hakuwahi kumhesabu kama binti wa Marhoun.

Mimba ilipokuwa kubwa, wakaenda Ole kumtazama, yeye na mama. Alya aliwapokea mlangoni kwa Bi Mwanamize, amenona, uso umevimba, anacheka. Kabla hawajakaa alikuwa amekwisha kunywa vikombe viwili vya maji.

"Kiu tu," akasema. "Huyu mtoto atazaliwa anaogelea."

"Kliniki wamekupima?" Zuweina akauliza.

"Presha wamepima. Sukari vipimo vyao vichache, wawapa kwanza wenye ukoo. Wakaniuliza, kwenu yuko mwenye sukari? Nkawacheka. Nkawambia baba kauliwa na msumari, na dada yangu katika arobaini yake alikunywa uji wa sukari akakomba bakuli. Wakaandika hakuna."

Zuweina aliketi. Bi Mwanamize aliingia na jagi la sharubati ya ukwaju, nzito kwa sukari, akammiminia mkwewe gilasi mpaka juu. Bi Nihal alimkazia macho binti yake mkubwa, yale yale macho ya kuomba. Na Alya akanyosha mkono.

Zuweina alimpokonya gilasi. Sharubati ikamwagika mkekani.

"Asinywe," akasema. "Bi Mwanamize, nisamehe, asinywe. Baba hakukanyaga msumari. Baba alikuwa na sukari. Shangazi, babu, wote. Na mie niliipata mimbani, na sasa nadhani n'nayo. Ule uji niliunywa ili mumchukue Alya."

Bi Nihal alijifunika uso kwa ushungi kama mtu aliyevuliwa nguo njiani. Bi Mwanamize aliliweka jagi chini, taratibu.

"Habari ya baba yenu naijua," akasema.

"Waijua?" Zuweina akasema.

"Kaka yangu Silima kalala kitanda cha pili yake kule Unguja. Mie ndiye nkimuuguza. Wamekatwa miguu wiki moja, yeye na baba yenu, kwa ugonjwa mmoja. Bi Nihal, weye ulibaki huku na watoto, ndiyo maana hukunijua."

"Basi siku ile ulikuja Madungu kutazama nini?" Zuweina akauliza.

"Nilikuja kutazama kama imeshuka kwenu. Kwangu imo, yule ni mjomba wake Jabir, na mama yangu mie kafa nayo. Nkasema, mtoto akiwa na ukoo wa sukari huku na huku, tujue mapema tumtunze mama yake. Kuuliza waziwazi sikuthubutu, maana mngeuliza na ya kwangu. Nikakuona wanywa vija, mpaka wakomba bakuli. Nkasema alhamdulillah, imewaruka mabinti." Akafuta macho kwa upande wa kanga. "Lau ungelikataa ule uji, mie ningelimposa Alya vilevile. Lakini ningelijua nimlishe nini."

Labda ni kweli. Labda ni maneno ya baadaye, kwani kila mtu ni karimu harusi ikishapita. Zuweina hakuwa na njia ya kujua, na hatakuwa nayo. Alichojua ni kwamba wanawake watatu wazima walikaa chumba kimoja na siri ile ile, kila mmoja akimstahi mwenzake, na yule ambaye siri ilikuwa ya mwili wake walimwacha nyuma ya pazia.

Alya aliomba buibui lake, wakamwambia kliniki ishafungwa.

Kesho yake asubuhi walikaa benchi la barazani, wote wanne, na Chake Chake nzima ikapita njia ya sokoni ikawasalimia. Alya akapimwa wa kwanza. Sukari ilikuwa juu sana, wakasema alazwe siku hiyo hiyo, aanzishwe sindano, na mtoto atazamwe. Zulekha alipomfikia Zuweina alimtambua. Akamchoma kidole, akasubiri, akatazama. Hakumgombeza, na ingekuwa nafuu kama angemgombeza.

"Hino si ya mimba tena, dada. Hino yako."

"Lau ningelikuja arobaini ilipotoka?"

Zulekha alifikiri kabla ya kujibu. "Labda usingekuwa nayo mpaka leo. Labda ungekuwa nayo, maana ukoo wenu una nguvu. Siwezi kukuapia. Lakini ingenikuta naingoja."

Zuweina alirudi benchini akakaa karibu na mdogo wake. Bi Nihal na Bi Mwanamize walikuwa wamekwenda kununua shuka za hospitali, bega kwa bega, hawazungumzi. Alya alikuwa anaitazama njia, mikono juu ya tumbo.

"Da Zuweina," akasema bila ya kugeuka. "Ule uji uliunywa kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako."

"Na halua? Na harusini? Na miaka yote hii, ukaja kila Iddi ukala mbele yangu?"

"Kwa ajili yako, Alya. Nilitaka upate mume."

Alya akageuka. Zuweina alikuwa amejitayarisha kwa hasira, na hasira ilikuwepo, lakini chini yake palikuwa na kitu alichokiona mara ya mwisho siku baba yao alipotolewa mlangoni juu ya jeneza, Alya kiunoni kwake, mdogo, hajui alie vipi.

"Hukuniuliza," akasema. "Hata siku moja. Mume akenda huja mwengine. Mie dada mwengine ningempata wapi?"

Zuweina akalia pale pale barazani, mchana kweupe, mbele ya watu, bila ya kujifunika uso. Ndani Zulekha aliita jina la Alya aende wodini, akaliita tena, na hakuna aliyeinuka.